Jinsi ya kusoma mihuri ya makombora ya mizinga ya vita: mwongozo kamili kwa mkusanyaji

Muuzaji atakuambia ganda lake lilitoka Somme, uwanja wa mapigano ya Vita vya Kwanza huko Ufaransa, babu yake alilibeba mgongoni. Huenda ni kweli. Ila kitako cha ganda hilo hakijui habari za Somme. Kinajua mambo mengine: ganda lilikuwa la mzinga gani, lilitoka kiwanda gani, mwaka gani, na jeshi gani lililipokea. Mkusanyaji anayejua kukisoma hanunui hadithi, ananunua chuma.

Tuelewane kwanza kuhusu majina, maana watu wengi huita kila kitu "bomu". Ganda ni kile kikopo kirefu cha shaba ya njano au chuma kinachobeba baruti ya kurushia. Baada ya mzinga kulia, ganda hubaki nyuma. Kombora ndilo linaloruka. Fyuzi ni kifaa cha kulipua, mara nyingi kimefungwa kwenye pua ya kombora. Praima ni kiwashio kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Pini ya mzinga hukigonga na baruti ikashika moto. Vitu hivi vinne vina mihuri yake, kila kimoja kivyake, na kosa la kwanza la mgeni ni kudhani vyote vilizaliwa siku moja.

Hatua ya 1: Jua kwanza kama unatakiwa kukigusa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ukikosea hapa huhitaji hatua zinazofuata.

Hakuna mhuri, rangi wala maandishi yanayothibitisha kwamba kombora ni tupu. Hata neno INERT, yaani "tupu" kwa Kiingereza, lililopakwa rangi ni rangi tu, na yeyote mwenye brashi anaweza kuliandika. Utupu huthibitishwa na kile unachokiona kwa macho: fyuzi imetolewa na ndani kuna uwazi safi mpaka chini, au kombora limetobolewa matundu makubwa ubavuni na mtaalamu aliyeidhinishwa. Usilifungue mwenyewe ili ujue. Usilitoboe, usilipashe moto, usigeuze fyuzi iliyokwama hata kwa kuipaka mafuta kwanza.

Tazama mkanda wa shaba nyekundu unaozunguka kombora karibu na kitako. Kazi yake ni kung'ata mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili kombora lizunguke angani. Mkanda ukiwa laini, kombora halijawahi kurushwa. Ukiwa na michirizi ya mshazari iliyopangana sawasawa, limerushwa. Watu hudhani lililorushwa ndilo salama zaidi, eti "lishamaliza kazi". Ni kinyume. Fyuzi nyingi hujifungua usalama wake kwa mshtuko wa kurushwa na kwa mzunguko wa kombora. Kwa hiyo kombora zima, lenye michirizi kwenye mkanda na fyuzi puani, ni kombora lililoamka na likakataa kulipuka. Limekaa hivyo miaka 80 au 100, na kemikali zake hazikupoa kwa kusubiri.

Halafu kuna gesi. Makombora ya gesi ya Vita vya Kwanza vya Dunia bado yanachimbuliwa na majembe ya wakulima Ufaransa na Ubelgiji, na yakiwa na kutu hayatofautiki na mengine kwa macho. Jeshi la Ubelgiji lina kituo chake cha kuyategua huko Poelkapelle, karibu na Ypres, na kazi haijaisha. Ukikuta kombora shambani, msituni au kwenye ghala la marehemu, acha lilipo, weka alama mahali, ondoka, piga simu polisi au wategua mabomu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ni 112.

Ganda tupu ni rafiki zaidi, lakini nalo lina jicho lake: praima. Iliyogongwa ina kishimo katikati. Isiyo na kishimo bado ina kilipuzi ndani, hata kama ganda lenyewe limekuwa chombo cha maua kwa vizazi vitatu. Nalo hulipigii nyundo, huliweki kwenye tanuri.

Hatua ya 2: Soma kabla ya kusafisha

Mkono unawasha kutaka kung'arisha. Uzuie. Mihuri mingi ilipigwa kwa kina kidogo, na dawa ya kung'arishia shaba hula herufi pole pole. Nimeona vitako vilivyong'aa kama kioo ambavyo hakuna tena mtu atakayejua vilitoka wapi.

Osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kausha, kisha zima taa ya juu. Shika tochi iwe karibu kulala juu ya kitako, mwanga upite kwa mshazari, na izungushe taratibu. Herufi ambazo mchana hazikuonekana zitatoa vivuli. Zikikataa, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa ubavu wa penseli laini. Poda ya mtoto iliyofutwa kwa kidole pia hujaa kwenye mihuri ikaacha maandishi meupe. Piga picha kila unapozungusha mwanga; picha nne za pembe tofauti hushinda picha moja nzuri.

Andika kila alama, hata nukta. Usitafsiri bado.

Hatua ya 3: Pima, halafu tumia sumaku

Chukua kalipa. Pima kipenyo cha ndani cha mdomo wa ganda, upana wa ukingo wa kitako na urefu wote kwa milimita. Wakusanyaji wa dunia nzima hutaja ganda kwa namba mbili, kipenyo cha kombora na urefu wa ganda, na herufi R kama kitako kina ukingo uliotokeza. Baadhi utakazokutana nazo sana:

75x350R ni mzinga maarufu wa Ufaransa wa mwaka 1897.
84x295R ni ratili 18 wa Uingereza.
87.6x292R ni ratili 25, mrithi wake wa Vita vya Pili.
40x311R ni Bofors wa kutungulia ndege.
88x571R ni Flak 18 na 36, mizinga ya Ujerumani ya kutungulia ndege.
105x372R ni hawiza ya Marekani, mzinga mfupi unaorusha kombora juu.

Uingereza ilikuwa ikiita mizinga yake mingi kwa uzito wa kombora kwa ratili, si kwa upana wa mtutu, ndiyo maana utaona PR au PDR badala ya milimita.

Urefu ukiwa pungufu, usikimbilie kusema umegundua aina mpya. Askari na mafundi walikata maganda mengi kutengeneza mapambo, visahani vya majivu na vyombo vya maua. Upana wa ukingo wa kitako haukatwi. Uamini huo zaidi.

Sumaku humaliza ubishi haraka. Shaba hainasi. Ganda la rangi ya dhahabu linalonasa ni chuma kilichopakwa shaba au vanishi, jambo la kawaida kwa Ujerumani ya Vita vya Pili, iliyokuwa na uhaba wa shaba.

Hatua ya 4: Tambua nchi kwa namna inavyoandika

Kila jeshi lina mwandiko wake. Ukishauzoea, utajua nchi kabla ya kusoma neno hata moja.

Uingereza ndiyo rahisi kwa kuanzia. Tafuta mshale mpana, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku: hiyo ni mali ya serikali. Mshale ndani ya herufi C ni Kanada. Ndani ya U ni Afrika Kusini. Ukiwa katikati ya D mbili ni Australia. Mishale miwili iliyogusana kwa ncha inasema kifaa kiliondolewa rasmi kwenye matumizi ya jeshi. Kisha hufuata jina la mzinga, kwa mfano 18 PR au 4.5 HOW (hawiza ya inchi 4.5), na namba ya Kirumi. Hapo wengi hujikwaa: II si mwezi wa Februari wala Vita vya Pili, ni toleo la pili la ganda hilo. Herufi CF zinasema ganda lilijazwa kipimo kamili cha kordaiti, baruti ya Kiingereza iliyofanana na nyuzi za tambi. Kiwanda huandikwa kwa ufupisho: RL ni Royal Laboratory ya Woolwich, K ni Kynoch wa Birmingham, EOC ni Elswick Ordnance Company, VSM ni Vickers, Sons & Maxim. Namba iliyobaki huwa ni ya fungu la uzalishaji, pamoja na mwaka, mara nyingine ukiwa umetanguliwa na mwezi.

Tuseme basi kitako kinasomeka 18 PR II, CF, EOC, mshale, 4/16. Hilo ni ganda la ratili 18, toleo la pili, lililotengenezwa Elswick Aprili 1916 na kujazwa kordaiti kamili. Sentensi nzima, na hukumuuliza muuzaji kitu.

Ufaransa ina mwandiko mwembamba na nukta nyingi. 75 DE C ni "75 de campagne", yaani mzinga wa uwanjani wa milimita 75. Pembeni huwa na ufupisho wa karakana, namba ya fungu na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Maganda haya ni mengi mno sokoni, kwa hiyo usilipe bei ya dhahabu labda liwe limechongwa kwa ustadi.

Ujerumani ni nchi mbili tofauti. Ile ya Kaiser, mfalme wa Vita vya Kwanza, iliandika kwa kirefu na kwa fahari: Patronenfabrik Karlsruhe, Polte Magdeburg, mwezi kwa jina lake la Kijerumani na mwaka wote, JULI 1916 kwa mfano, na taji dogo la mkaguzi. Sehemu kubwa ya utakayoona ni ya mzinga wa uwanjani wa sentimita 7.7. Ile ya Hitler ilificha. Jina la kiwanda likageuka namba yenye P mbele, kisha, kuanzia miaka ya 1940 na 1941, herufi ndogo mbili au tatu zisizo na maana kwa jasusi: aux, kwa mfano, ni Polte Magdeburg yule yule. Mwaka ni tarakimu mbili. Tai mdogo mwenye WaA na namba chini yake ni mkaguzi wa ofisi ya silaha.

Zawadi kubwa waliyotuachia ni namba ya muundo wa ganda, tarakimu nne kwenye kitako. 6331 ni mzinga wa kupiga vifaru (Pak kwa Kijerumani) wa sentimita 3.7, 6360 ni Pak 38 wa sentimita 5, 6340 ni Pak 40 wa sentimita 7.5, 6347 ni Flak wa sentimita 8.8. Ikifuatwa na St, ganda ni la chuma. Hapa sumaku na mhuri vinapaswa kukubaliana. Visipokubaliana, mrudishie mwenyewe.

Marekani huandika kama karani: 75MM M18, 105MM M14, neno LOT na namba yake, kiwanda, mwaka. M na namba inayofuata ni modeli ya ganda, si ya mzinga. B1 baada yake huonyesha badiliko la malighafi au utengenezaji. M14B1 ni ile M14 iliyofanywa kwa chuma.

Japani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Ukikuta mwaka wa enzi ya Showa, ongeza 1925: Showa 16 ni 1941. Kwa enzi ya Taisho ongeza 1911.

Hatua ya 5: Tarehe ni ngapi?

Tarehe ya kitako ni siku ganda lilipotengenezwa. Haisemi lilirushwa lini, wala wapi. Shaba ilikuwa ghali, hivyo maganda yaliokotwa nyuma ya mizinga, yakarudishwa viwandani, yakanyooshwa na kujazwa upya. Ndiyo sababu ganda moja la Kiingereza linaweza kuwa na mihuri iliyorudiwa au iliyopigwa mstari. Praima nayo ilibadilishwa kila mara, na ina mwaka wake. Ganda la 1915 lenye praima ya 1917 si la bandia, lina historia. Ganda la 1917 lenye praima ya 1915 linashangaza kidogo, ila bado linawezekana, kwa sababu maghala yalikuwa na akiba.

Hatua ya 6: Kombora lenyewe, na rangi zinazodanganya

Kwenye mwili wa kombora tafuta mihuri ya kupigwa juu kidogo ya mkanda wa shaba: kipimo, toleo, kiwanda, fungu, mwaka. Hayo yanaaminika. Juu yake yalikuja maandishi ya rangi yanayoeleza kilichojazwa ndani, na hayo hufutika.

Rangi zina lugha, lakini kila nchi na lugha yake. Kombora la Kiingereza la njano la Vita vya Kwanza lilikuwa na kilipuzi kikali. Mkanda mwekundu karibu na pua ulionyesha kwamba limekwisha jazwa. Lile jeusi lilikuwa shrapneli, mkebe wa golori za risasi uliopasuka angani; la ratili 18 lilibeba golori zaidi ya 370. Sasa vuka upande wa pili wa handaki. Msalaba wa njano kwenye kombora la Kijerumani ulikuwa gesi ya haradali, iliyotumika mara ya kwanza karibu na Ypres Julai 1917. Msalaba wa kijani ulikuwa gesi za kukaba mapafu za jamii ya fosijeni. Wa buluu ulikuwa unga wa aseniki wa kuwasha pua na koo. Na buluu hiyo hiyo, kwa Wamarekani, ilikuwa kombora la mazoezi! Mtu anayejifunza rangi za nchi moja na kuzitumia kwa zote anajichimbia shimo.

Wamarekani wa Vita vya Pili walipaka makombora ya kulipuka kijani cha zeituni na kuyaandika kwa njano. Ya kijivu yalikuwa ya kemikali au moshi. 105 H ni hawiza ya milimita 105, 75 G ni mzinga wa milimita 75, na TNT, aina ya kilipuzi, ni yaliyomo. Vile vimiraba vidogo ni daraja la uzito, ili mpiga mizinga arekebishe hesabu yake. Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwa namba za Kirumi, III ikiwa uzito wa kawaida. Makombora yao ya kutoboa vifaru yalikuwa meusi.

Rangi ya asili ina mikwaruzo isiyo na mpango, imefifia palipoguswa na imebaki kwenye mifereji. Rangi mpya inang'aa sawasawa na imeingia hadi ndani ya vishimo vya kutu. Kupaka upya si dhambi. Kuuza kilichopakwa upya kama cha asili ndiyo dhambi.

Hatua ya 7: Fyuzi

Hapa nazungumzia fyuzi zilizokwisha thibitishwa kuwa tupu, zilizokatwa au zilizopasuka vitani. Nyingine si za rafuni.

Pete yenye vipimo kama saa inaonyesha fyuzi ya muda. Namba ya Kiingereza huanza na No.: No. 80 ni ya muda na mgongano, No. 106 ni ya kulipuka papo hapo inapogusa ardhi. Historia ya No. 80 huwa inanichekesha kwa uchungu: Vickers waliitengeneza kwa hataza ya Krupp wa Ujerumani, na baada ya vita Krupp wakadai mrabaha wao. Kwa Kijerumani, Dopp.Z. ni fyuzi ya kazi mbili, muda na mgongano, Zt.Z. ni ya muda. AZ ni ya mgongano. Namba kama 24/31 kwenye fyuzi ya Kifaransa ni vipenyo vyake kwa milimita. M48 ya Marekani ina kijiskrubu cha kuchagua kati ya SQ, papo hapo, na DELAY, kuchelewa.

Hatua ya 8: Shuku kwa adabu

Mhuri wa kale umezeeka pamoja na kitako: rangi iliyo ndani ya herufi ni ile ile ya uso unaoizunguka. Mhuri wa jana una sakafu inayong'aa na kingo zinazokwaruza kidole. Tai wa Kinazi ndiye anayeghushiwa zaidi, maana huongeza bei. Chunguza kama amekatiza mistari ya mashine ya kukereza au amekaa chini yake. Mhuri uliopigwa juu ya mikwaruzo ya matumizi ulikuja baada ya matumizi.

Kisha tazama ndoa. Kombora, ganda na fyuzi vinavyouzwa pamoja mara nyingi vilikutanishwa na muuzaji. Pima kipenyo cha kombora juu ya mkanda na ulinganishe na mdomo wa ganda. Soma nchi na mwaka wa kila kimoja. Fyuzi ya Kifaransa juu ya kombora la Kijerumani ni pambo la mezani. Majina ya vita yaliyochongwa ubavuni yachukulie taratibu: mengi yalichongwa baada ya 1918 kwa ajili ya watalii waliokuja kuona mahandaki.

Hatua ya 9: Andika na utunze

Tengeneza kadi kwa kila kipande: vipimo, uzito, mihuri yote kwa mpangilio wa saa ukianzia juu, sumaku inanasa au hainasi, hali ya praima, nani alikuuzia na alisema nini. Maneno ya muuzaji yaweke mstari wake, yasichanganyike na ulichokisoma. Kwa makombora na fyuzi ambatisha hati ya kuthibitisha utupu. Mrithi wako ataihitaji siku wategua mabomu watakapoitwa na jirani mwenye hofu.

Ulinzi wa shaba ni nta nyembamba isiyo na chembe za kukwaruza, ipakwe baada ya kukausha vizuri. Ukungu wa kijani ukisambaa, futa kwa kitambaa laini na ukaushe mahali pa kuhifadhia, kwa sababu unyevu ndio unaoulisha.

Kabla ya kuvuka mpaka au kutuma kwa posta, uliza sheria za pande zote mbili kwa maandishi. Kwenye uwanja wa ndege hata ganda tupu linaweza kukulaza kituoni. Na mahandaki ya zamani si duka: Ufaransa hairuhusu kutafuta vitu vya kihistoria kwa kigunduzi cha chuma bila kibali, na huko chini bado wamelala askari ambao hawajapatikana.

Ukifika hapa na bado kuna alama moja isiyokubali kusomeka, iache kwenye kadi ikiwa na alama ya kuuliza. Mimi nina ganda la ratili 18 lenye herufi mbili ndogo karibu na praima, nimelizungusha chini ya tochi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kesho nitalizungusha tena.